Mlango Uliogongwa Tukiimba

Fundi Tumainieli hakuwa mtu mkali. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu wa Same walioyasikia mambo yake kwa mbali, nao humsimulia kama mtu aliyependa mashine kuliko damu yake. Mimi nilimjua. Nimekula makande nyumbani kwake, nimeimba sebuleni kwake siku nne mfululizo, na siku ya nne nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka mlangoni. Naitwa Elirehema, wa Vudee. Katika kwaya yetu niliimba sauti ya pili. Mengine ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, mengine nimeambiwa na mkewe, na machache aliniambia yeye.

Alizaliwa milimani kama sisi, upande wa Chome, akateremka tambarare akiwa kijana kutafuta kazi. Aliipata kwenye karakana ya shamba moja la mkonge, akachanganyika na watu wa kila pembe ya nchi, Wanyakyusa, Waha, Wabena. Huko ndiko alikojifunza kusuka upya mota zilizoungua. Jioni alitengeneza redio za wenzake. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni inakatwa vipande kwa uzi, na spea hazipatikani hata kwa dawa. Betri zilizokufa alizianika juani zipate uhai wa siku mbili. Waya wa mota iliyoungua leo ndio uliotia pumzi kwenye redio ya kesho.

Mwaka 1988 karakana ikafungwa. Wafanyakazi waliitwa wakapewa barua zao mmoja mmoja. Tumainieli akachukua barua yake na bisibisi zake, akahamia Same mjini na mkewe Ernesta. Walipanga nyumba ya sebule na chumba kimoja upande wa mlimani, mbali kidogo na barabara kuu.

Ernesta alikuwa mtu wa kwetu Vudee, tumesoma darasa moja. Alikuwa na cherehani, na vidole vyake vilijua kazi. Lakini marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa kila gulio, nani tena angeshonesha gauni? Wakabaki wateja wa kupunguza suruali na kubadili zipu. Mimba mbili zilimtoka. Ya tatu ikakaa, akazaliwa Hana, mwanzoni mwa mwaka 1990. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake, na baba yake alipenda kumwita "Besi".

Maikrofoni aliikuta gulioni Hedaru, kwa mtu aliyeuza vyuma chakavu. Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, na wavu wake wa chuma ulikuwa umebonyea upande mmoja. Muuzaji alisema ilitoka kwenye klabu ya shamba la mkonge, enzi wafanyakazi walipokuwa na bendi yao.

"Lakini haisemi," akamwonya.

Tumainieli akainunua kwa bei isiyofika kilo ya sukari. Alipoifungua nyumbani, alikuta sumaku mbili zenye nguvu ya kuipokonya bisibisi mkononi, na katikati yake kijitepe cha aluminiamu, chembamba kuliko karatasi ya sigara, kimekatika. Akaelewa. Sauti ikifika inautikisa utepe, na utepe ukitikisika kati ya sumaku unazaa umeme kidogo sana. Umeme huo ndio sauti. Kilichokufa ni utepe tu.

Utepe mpya walitengeneza wao wawili. Walipasua kapasita kuukuu wakatoa karatasi yake ya aluminiamu. Ernesta akaikata kwa wembe, akaipitisha kati ya meno ya magurudumu mawili ya saa iliyoharibika ili ipate mikunjo kama bati la nyumba. Kisha akaikaza mahali pake huku amebana pumzi, maana hata pumzi ya mtu iliweza kuichana. Walichana tepe kumi na moja. Ya kumi na mbili ikakaa.

"Sema kitu," Tumainieli akamwambia mkewe.

"Niseme nini? Viazi vinaungua."

Aliporudisha kaseti na kusikiliza maneno hayo, Tumainieli alicheka mpaka akatokwa machozi. Alizizoea sauti za vimaikrofoni vya redio kaseti, zinazokwaruza kama mtu anayeongea ndani ya kopo. Hii ilikuwa sauti ya mkewe hasa, na joto lake lote.

Ila ilikuwa sauti ndogo. Ili isikike, ilimlazimu kuikuza kwa kifaa alichokiunga mwenyewe kwa transista, na alipoikuza, kila kitu kilikua pamoja nayo: kuku wa jirani, mfuniko wa sufuria, mtu anayekohoa. Na upepo wa Same mnaujua. Mara mbili uliingia dirishani ukaukata utepe kama uzi wa buibui. Kwa hiyo akapigilia magunia dirishani, akatundika blanketi zito mlangoni, na akaweka sheria: kurekodi ni asubuhi, kabla upepo haujaamka, na nyumba iwe kimya kabisa.

Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa, na redio kaseti zilikuwa zimejaa mpaka vijijini. Kila kwaya ilitaka kaseti yake. Studio za Arusha na Dar es Salaam zilikuwa mbali nasi, na si kwa nauli tu. Fundi wa Same aliyerekodi nyumbani kwa maikrofoni ya chuma chakavu, na sauti ikatoka vizuri, alikuwa kama mvua ya vuli isiyotarajiwa. Zikatangulia kwaya mbili, kisha tukashuka sisi wa Vudee, Julai ya mwaka 1993, watu kumi na wanne pamoja na mwalimu wetu, Abednego. Tulikuwa na siku nne. Wanne kati yetu walikuwa walimu, na likizo ya shule ilikuwa inakwisha.

Jumatatu ndipo tulipokisikia kikohozi cha Hana. Alikuwa chumbani na mama yake, mlango wa chumba umefungwa. Tuliimba wimbo wa kwanza mpaka ubeti wa tatu, Tumainieli akiwa amevaa visikizio vyake, na ghafla akainua uso akasimamisha kaseti.

"Samahanini," alisema. "Mtoto anaingia."

Kaseti tupu zilikuwa chache, kwa hiyo kila tulipokosea aliirudisha nyuma tukaanza upya juu ya ile ile. Asubuhi hiyo tulianza upya mara tisa. Mara mbili kosa lilikuwa letu. Zilizobaki zilikuwa za Hana. Kwa masikio yetu kikohozi kilikuwa mbali, nyuma ya mlango, lakini kwenye kaseti kilikuwa kama cha mtu aliyesimama katikati yetu. Mwalimu Abednego alianza kutazama saa.

Jumanne Tumainieli akamwomba Ernesta akae na mtoto kwa jirani, Mama Bahati, ng'ambo ya uzio.

"Ana joto, Baba Hana," Ernesta alisema. "Leo angelala tu kitandani."

"Ni asubuhi tu. Saa nne mnarudi."

Mama Bahati aliwapokea vizuri, lakini nyumba yake ilikuwa na wapangaji, na mahali pa kukaa asubuhi palikuwa jikoni, kwenye moshi wa kuni. Nje kulikuwa na vumbi na upepo wa Julai. Ernesta alidhani ni malaria. Akamsagia klorokwini aliyouziwa dukani, akampa na aspirini, na joto likashuka kidogo jioni. Jumatano wakakaa tena kwa Mama Bahati. Tulirekodi nyimbo tatu bila kusimama. Tulifurahi. Nakumbuka nilipotoka nilimkuta Ernesta uani amembeba mtoto, nikamshika Hana shavu, nikasema, "Pole, mama, utapona." Nikaenda kunywa chai.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho, na tulibakiza wimbo mmoja, ule mrefu, wenye beti tano na kiitikio cha Kipare. Nilisimama upande wa mlango wa nje. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili mlango ulipogongwa. Blanketi liliumeza mlio wake, lakini mimi niliyekuwa karibu nilisikia vizuri. Tumainieli naye alisikia. Aliutazama mlango. Halafu akainua mkono, kiganja kimetuelekea, akauzungusha taratibu: endeleeni.

Tukaendelea.

Mlango ukagongwa tena, na safari hii nikasikia sauti ya Ernesta, si kubwa: "Baba Hana." Mara moja tu. Nilimtazama fundi. Mkono wake ulikuwa bado juu. Niliimba.

Tulipofika mwisho akasikiliza, akatikisa kichwa. Mlio ule wa mlango ulikuwa umeingia. Akarudisha kaseti nyuma. Kabla ya kuanza upya alisogea mlangoni akaita, "Mama Hana, dakika chache tu!" Hakujibiwa. Akadhani amerudi kwa jirani. Tukauimba wimbo wote tena, na ulitoka vizuri kuliko zote tulizowahi kuimba.

Ernesta hakuwa amerudi kwa jirani. Alikuwa amekuja kwa sababu tangu alfajiri mbavu za Hana zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na midomo imebadilika rangi. Alitaka mumewe, na alitaka baiskeli iliyokuwa imeegemezwa ukutani mwa sebule, nyuma ya safu ya besi. Alingoja mlangoni mpaka ubeti ukaisha, kisha mwingine. Ndipo akamfunga mtoto mgongoni akaanza kwenda hospitali kwa miguu, Mama Bahati akimfuata nyuma.

Tumainieli aliwakuta huko saa nne na nusu. Hana aliwekewa dripu, akachomwa sindano. Muuguzi, mama mtu mzima, aliuliza ugonjwa ulianza lini. Ernesta akasema Jumatatu. Yule mama aliendelea kuandika. Hana alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri. Alikuwa na miaka mitatu na miezi mitano.

Alizikwa Chome, nyumbani kwa kina baba yake, kwenye ukungu. Kwaya tulipanda wote. Mchungaji alipotuomba tuimbe, tulisimama, na Mwalimu Abednego akafungua kinywa kututajia sauti, kisha akakifunga. Hakuna aliyeanzisha. Tulisimama hivyo hivyo mpaka mchungaji akaanza kusoma.

Kaseti hatukuitaka tena. Abednego alishuka Same kumwambia Tumainieli aifute, akajibiwa kwamba nakala ya kwanza ilikwisha kuchukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa kaseti wa Hedaru tangu Alhamisi, mara tu tulipomaliza. Huyo hakutaka kusikia. Akairudufu, na wengine wakarudufu ya kwake, bila kumuuliza mtu. Kufikia Desemba wimbo wetu ulikuwa unapigwa kwenye mabasi, kwenye vibanda vya chipsi, kwenye maduka ya marobota. Uliwapendeza watu. Siku moja Ernesta alikuwa Hedaru kununua vitunguu, wimbo ukaanza kwenye kibanda cha pembeni. Aliweka kikapu chini akasimama. Ulipofika ubeti wa pili, akamwambia mwenye kibanda, "Hapa ndipo." Yule kijana akamuuliza, "Ndipo nini, mama?" Akaokota kikapu chake.

Jioni ile alimwomba mumewe kitu kimoja.

"Zile kaseti zilizoharibika. Za Jumatatu. Nataka kumsikia."

Tumainieli alijua jibu. Hakukuwa na kaseti zilizoharibika. Kila kikohozi kilifutwa na wimbo uliorekodiwa juu yake, dakika ile ile. Hata hivyo alizitoa kaseti zote zilizokuwa ndani ya nyumba, akakaa akizisikiliza moja moja kwa siku tatu, pande zote mbili, mpaka mwisho wa utepe, akitumaini kwamba mahali fulani, kati ya wimbo na wimbo, ulibaki upenyo. Alisikia miguu yetu. Alisikia Abednego akihesabu. Siku ya tatu akamwambia mkewe, "Hayupo." Picha ya mtoto hawakuwa nayo hata moja.

Wiki iliyofuata Ernesta alipakia cherehani yake kwenye gari la Vudee, akarudi kwa wazazi wake.

Nilikuwa jirani yake huko. Ilinichukua miezi miwili kujikaza kwenda kumwambia kwamba nilimsikia mlangoni. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilisema yote, hata ule mkono ulioinuliwa, maana huo hakuuona. Alipukuchua hindi mpaka likaisha.

"Najua ulinisikia," akasema. "Sauti yako ilikuwa karibu sana na mlango. Niliitambua." Kisha akanisogezea mahindi nimsaidie.

Same, Tumainieli aliendelea kutengeneza redio. Kurekodi aliacha, ila mwaka uliofuata mhubiri mmoja alimsihi amrekodie mahubiri, naye akaona ajaribu utepe mpya. Alikuwa ameketi mbele ya maikrofoni, visikizio masikioni, aliposikia mwanamke akimwambia sikioni, "Fundi, maziwa." Aligeuka. Alikuwa Nasieku, Mmaasai aliyekuwa akipita na maziwa kila asubuhi, amesimama mlangoni, nyuma kabisa ya maikrofoni. Nasieku akaingia akiendelea kuongea, akazunguka kwa ubavu kuweka kibuyu mezani, na sauti yake ikafifia kana kwamba ameondoka, ingawa sasa angeweza kumgusa bega.

"Hebu rudi ulipokuwa," Tumainieli alisema. "Sema tena. Sasa zunguka, usinyamaze."

"Unanizungusha kama ndama, fundi?" Nasieku akacheka, lakini akazunguka.

Ndivyo alivyogundua. Utepe ule ulikuwa unasikia mbele, na unasikia nyuma sawasawa na mbele. Ubavuni haukusikia karibu lolote. Siku zile nne alikuwa ameielekeza maikrofoni kwetu, na mgongo wake ukatazama moja kwa moja mlango wa chumba alicholala Hana. Angeligeuza meza robo tu, akatupanga sisi upande wa pili, kikohozi kisingeingia kiasi kile. Mtoto angebaki kitandani, na yeye angekuwa anamwona kila baada ya wimbo. Alivua visikizio. Nasieku alimuuliza kama anaumwa. Kisha alimimina maziwa kwenye sufuria akaondoka polepole.

Jumapili ile alipanda Vudee. Ernesta alimpokea uani, akampa kigoda. Nilikuwa pale, na nilitaka kuondoka, Ernesta akanizuia kwa jicho. Tumainieli alieleza yote, mbele, nyuma, ubavu, akichora chini kwa kijiti. Alieleza vizuri, kama mtu anayefundisha.

"Sikujua," alisema. "Mama Hana, haki ya Mungu, sikujua kama ina pande mbili. Hakuna aliyenifundisha."

Ernesta aliutazama mchoro ule.

"Wewe unanieleza habari za maikrofoni," akasema. "Mimi niligonga mlango. Mlango ulikuwa na upande mmoja tu, na wewe ulikuwa ndani."

"Niliusikia."

"Basi sema hivyo."

"Niliusikia," akasema tena. "Nilijua ni wewe. Nikasema moyoni, acha wimbo uishe."

Ernesta akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Alimletea maji ya kunawa, tukala, na kabla ya giza akamsindikiza mpaka njia panda. Kuanzia hapo Tumainieli alipanda kila mwezi, na kila mara alisema neno lile moja bila kulizungushia kitu. Wazee wa pande zote mbili walikaa vikao, wakashauri hili na lile. Ernesta aliwasikiliza kwa heshima, akawaambia bado.

Alirudi kwa mumewe mwaka 1996. Hawakukaa tena Same. Walihamia Nyumba ya Mungu, kwenye bwawa, Tumainieli akitengeneza tochi na redio za wavuvi, Ernesta akinunua samaki wabichi na kuwakausha. Mtoto mwingine hawakupata. Nilikwenda kuwaona mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa zilizoharibu barabara. Nilimkuta Tumainieli amezeeka ghafla, kichwa kimejaa mvi, na ana adabu ya kupita kiasi, kama mgeni kwake mwenyewe. Mkewe akimwita, anainuka kabla neno halijaisha.

Tulipobaki wawili, tukigeuza samaki kwenye vichanja, nilimuuliza Ernesta kwa nini alirudi. Nilidhani ataniambia habari za kusamehe.

"Kule juu mlikuwa mnanionea huruma," alisema. "Mlikuwa mnamlilia mtoto wangu, lakini hamkumjua. Hapa chini yupo mtu mmoja anayekumbuka alivyokuwa akiita uji. Nikimchukia nikiwa mbali, nitamkumbuka Hana na nani?"

"Kwa hiyo unamchukia bado?"

"Siku nyingine, ndiyo," alisema. "Leo hapana. Shika upande ule, huyu mkubwa anavunjika."

Jioni lori la samaki lilikuwa linaondoka. Tumainieli alinibebea mzigo mpaka pale, akazungumza na dereva anipe nafasi mbele, akaniuliza kama Mwalimu Abednego hajambo. Nikasema hajambo, ingawa hafundishi tena kwaya. Akasema, "Msalimu." Lori likanishusha njia panda ya Kifaru, kwenye barabara kuu, nikangoja basi la Same pamoja na akina mama wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao ya vitunguu.